Kishoka wa Tandika

Wenzangu wa darasa la urithi wa utamaduni wamenihukumu: nimeharibu kitu cha kale. Kosa langu ni kubeba treni ya kuchezea ya babu, Lima ya Italia ya volti 12, hadi kibanda cha fundi redio Tandika ili airudishie taa ya mbele. Mmoja wenu alimwita fundi huyo kishoka. Hapo ndipo uvumilivu uliponiishia.

Hiyo "asili" mnayoililia ilikuwa balbu iliyoungua na nyaya zilizokauka, maganda yakipukutika ukizigusa tu. Treni hizi hupata umeme kutoka relini: reli moja chanya, nyingine hasi. Nyaya mbili zilizo uchi zikigusana ndani ni shoti, na transfoma inaweza kuungua. Mlitaka nihifadhi moshi?

Tena kishoka gani huyu anayepiga hesabu? Taa ya LED aliitoa kwenye tochi mbovu. Rezista ya kahawia, nyeusi, nyekundu, yaani omu 1000, aliing'oa kwenye redio iliyokufa. Dayodi ilitoka kwenye taa ya eneji seva iliyokwisha. Ukirudisha treni nyuma, chanya na hasi hubadilishana, na LED haihimili volti 12 za kinyume. Dayodi ndiyo inayozizuia. Alinieleza hayo huku akipuliza moshi wa risasi, bila slaidi hata moja. Sisi slaidi tunazo. (Na ada tunalipa.)

Halafu kila semina mnaisifu MV Liemba. Ilijengwa Ujerumani 1913, ikazamishwa 1916, ikaopolewa 1924, na miaka ya 1970 ikatolewa injini za mvuke ikafungwa za dizeli. Hiyo mbona hamsemi imeharibiwa? Au uharibifu ni mpaka mkono uwe wa Tandika?

Balbu ya zamani nimeiweka kwenye bahasha. Hapo mko sahihi, nakubali.

Babu alikuwa mfanyakazi wa TAZARA. Presha ya macho imemwachia mwanga na kivuli tu, kwa hiyo treni isiyo na taa kwake ni mlio mezani, basi. Sasa anaifuata ile nukta nyeupe kwa kidole. Nikikata umeme wa reli treni husimama, taa huzimika, naye huuliza, "Tumefika wapi?"

Jana nilimwambia Mlimba.

"Twende basi, mjukuu wangu. Makambako kuna baridi, tusiingie usiku."