Gia ya Fowili: Tusifanye Nusu Kazi kwa Nusu Malipo



Katika gareji za wazi za Kariobangi, Burma na Shauri Moyo kuna kazi moja ambayo mafundi wetu wanaijua sana. Gari la fowili linaletwa, taa yake ya 4WD inawaka na kuzima bila kukoma, na magurudumu ya mbele hayavuti. Mwenye gari amekwisha ulizia mota nyingine, bei imemshtua, basi anamwambia fundi: "Toa umeme huo, nitilie fimbo ya mkono." Kazi hiyo tunaiweza. Lakini jinsi inavyofanywa, na jinsi inavyolipwa, ni jambo ambalo chama hakiwezi kulinyamazia.

Kwa ndugu ambao si wa gareji, yafaa tueleze. Transfa ni sanduku linalopokea nguvu kutoka gia boksi na kuigawia magurudumu ya nyuma na ya mbele. Katika Land Rover za zamani dereva aliiongoza kwa mkono wake mwenyewe: kulikuwa na fimbo yenye kichwa chekundu ya gia nzito, na nyingine yenye kichwa cha manjano ya kutia magurudumu yote manne. Katika pikapu nyingi za siku hizi, kama Isuzu D-Max na Ford Ranger, dereva huzungusha swichi tu. Kompyuta hutuma umeme, mota ndogo iliyofungwa ubavuni mwa transfa huzungusha shafti, na shafti husogeza uma ulio ndani. Maji na matope yakiingia katika mota ile, au meno yake yakilika, dereva abaki na swichi isiyo na kazi.

Sasa tajiri husema: hii ni kazi ya nusu saa, toa mota, chomelea chuma juu ya shafti, kwisha. Hapo ndipo tunapobishana naye.

Kwanza, fundi mwema hupima kabla ya kukata. Huenda mota ni nzima, na kosa ni fyuzi au waya uliooza. Pili, si kila transfa hukubali fimbo. Ziko ambazo ndani yake mna klachi inayokazwa na kompyuta kidogo kidogo wakati wote gari linapokwenda. Hizo fimbo haiziwezi, na mwenye gari aambiwe kweli. Tatu, katika transfa nyingine mota ndiyo inayoishika shafti isirudi nyuma. Ukiitoa, yakubidi utengeneze kibao cha chuma chenye mapengo, fimbo ikae imara katika 2H, 4H na 4L, la sivyo itateleza njiani. Nne, katika magari mengi ekseli ya mbele ina kifungio chake, na kompyuta isipopata habari haikifungi. Yataka swichi na waya zake. Basi hapo pana kazi ya chuma, kazi ya umeme na kazi ya gia. Nani atazimaliza zote tatu kwa nusu saa?

Lakini lililo kubwa kuliko yote ni uhai wa mtu. Katika transfa nyingi, kati ya 4H na 4L pana nafasi ya N. Fimbo ikikaa hapo, gia boksi imeachana na magurudumu yote manne. Hata gari likiwa katika P, au katika gia ya kwanza, hakuna kinacholizuia ila breki ya mkono. Na wakati shafti ile inapojaribiwa huku na huku, transfa hupita katika N mara nyingi. Chini ya gari amelala nani? Ni yule kijana anayejifunza kazi, ambaye posho yake ni chai na nauli ya kurudi Dandora au Kayole.

Kwa hiyo tunashauri mambo manne. Moja, kijana yeyote asiingie chini ya gari kabla magurudumu hayajatiwa mawe mbele na nyuma, hata kama breki ya mkono imevutwa. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yahusu kila mahali pa kazi, si viwanda vyenye ukuta na lango tu. Mbili, asiwepo fundi wa kuchomelea spana juu ya shafti na kuiita fimbo. Kibao cha kushikia kiwepo, na alama za gia ziandikwe mahali dereva anapoziona. Tatu, dereva aelezwe kwa maneno na kwa karatasi: asimamishe gari kabisa kabla ya kugeuza, asiiache fimbo katika N, na asiendeshe kwa 4H juu ya lami kavu. Karatasi hiyo itamfaa siku gia itakapovunjika na tajiri kutaka kumkata mshahara. Nne, gareji zilizo katika safu moja zikae pamoja na kupatana bei ya chini, ihesabiwe kwa kazi zote tatu, na fungu la kijana litajwe humo.

Tajiri atajibu: ukikataa wewe, jirani yako atafanya. Neno hilo ni la zamani kuliko gari lenyewe, na vyama vya wafanya kazi viliundwa kwa sababu yake. Jirani huyo si adui. Naye ana kodi ya nyumba na karo ya watoto. Aendewe leo, kabla tajiri hajamfikia.

Mwaka 1972 ujumbe wa Shirika la Kazi la Kimataifa uliandika juu ya Kenya kwamba watu wa kazi ndogo ndogo mijini si wavivu wasio na kazi. Wanafanya kazi kwa bidii, ila mapato yao ni haba. Bidii tunayo. Anayeweza kuipa gari fimbo pale kompyuta iliposhindwa ni fundi kamili, na mwenye nafasi aende akafanye mtihani wa ufundi wa NITA apate cheti chake. Lakini cheti hakitazuia bei kushuka ikiwa kila mmoja anapatana na tajiri peke yake. Safu ambayo haijakutana juu ya jambo hili, ikutane kabla ya gari lijalo kuingia.