Risala ya Wazazi na Wanafunzi wa Izigo, Wilaya ya Muleba, Kuhusu Maabara Isiyo na Maji

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,

Umewaambia watoto wetu wasome sayansi wawe maprofesa. Tumepiga makofi. Sasa tusikilize na sisi.

Rais Kikwete alipoagiza kila sekondari ya kata iwe na maabara tatu, tulichanga. Wapo waliouza kahawa ikingali maua, ile butura inayokatazwa, ili mchango wao usichelewe. Jengo likasimama. Shule hatuitaji jina, mwalimu mkuu asije akaulizwa peke yake. Bomba la sinki halijawahi kutoa tone, na chumba cha kemia kinatunza mahindi. Mwaka jana binti mmoja alichora bureti daftarini hadi vistari vya mililita. Siku ya mtihani wa vitendo ndipo alipoishika kwa mara ya kwanza. Akafungua koki, kimiminika kikamwagika chote kabla hajaona rangi ikibadilika.

Mheshimiwa, uhandisi kemikali si mgeni huku. Bibi zetu wanajua lubisi, pombe yetu ya ndizi, ikae kiasi gani, mvuke upite kwenye mrija uliozamishwa katika maji ya baridi, na pombe kali ijaribiwe kwa kuitupia motoni waone inavyowaka. (Pipa ni la nani, hilo hatusemi, wewe ni mtu wa Serikali.) Bukoba mjini, kiwanda cha TANICA kinageuza kahawa yetu kuwa ya kukorogwa kikombeni. Ni elimu hiyo hiyo, ila watoto wetu huiona kwenye kopo tu.

Na mtoto wa kijijini anaweza kuifikia elimu hiyo: Dk. Askwar Hilonga alizaliwa kijijini Gongali, Karatu. Alisomea uhandisi kemikali hadi shahada ya uzamivu Korea Kusini, akarudi kufundisha Taasisi ya Nelson Mandela, Arusha. Hakuishia darasani: alitengeneza chujio la mchanga na nano linaloondoa hata floraidi, hiyo inayotia meno ukahawia. Mwaka 2015 akatwaa tuzo ya uhandisi ya Afrika inayotolewa na Royal Academy of Engineering ya Uingereza, pauni 25,000. Kampuni yake akaipa jina la kijiji chake. Nasi tunataka jina la Izigo liandikwe hivyo siku moja.

Kwa hiyo tunadai maji yafike maabara kabla ya muhula ujao, na mwalimu wa kemia wa kuajiriwa, si wa kujitolea anayeondoka kila akipata nauli. Wahadhiri wa kampasi ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ya Itahwa waje huku angalau mara moja kwa muhula, na kazi hiyo ihesabiwe wanapopandishwa vyeo kama zinavyohesabiwa makala zao.

Bureti iliyobaki ni hiyo mezani mbele yako. Koki yake imevunjika. Tunaomba uondoke nayo, uirudishe ikiwa nzima.