Maili za ndege zisioze kadini: safari ya kupiga mbizi



Swali la wiki hii limetoka kwa wamama watatu wanaokwenda Dubai na Guangzhou kuleta vitenge na viatu. Kwenye kadi zao za ndege zimelala maili za safari nyingi. Wanataka kuwapeleka watoto wao wakubwa kwenye bahari ya chumvi, na wao wenyewe wavae mtungi wa hewa, wapige mbizi, waone matumbawe. Kuna waliocheka kikundini. Sisi hatukucheka. Mwanamke aliyelala juu ya mabalo yake katika viwanja vya ndege vya watu anaweza kupewa nusu saa chini ya maji, mahali simu haimfikii.

Mmoja aliuliza: kwa nini tusizame hapa kwetu, maji yamejaa? Hapana, mama. Lac Vert ni shimo la volkano ya zamani, na ninyi mnajua mazuku kuliko wageni wanaokuja kuyapima. Hewa ile ya kaboni ni nzito, inakaa mabondeni, na asubuhi bila upepo inaua mbuzi na mtu. Ziwa Kivu nalo limebeba gesi nyingi katika vilindi vyake. Tena tuko mita 1,500 hivi juu ya bahari, na kuzama maji ya milimani kuna hesabu yake ambayo anayeanza haijui. Watoto wenu wanaoogelea pale ziwani bila mtu mzima, hilo tutalizungumza siku nyingine, na tutalizungumza kwa ukali.

Basi tuje kwenye maili. Maili haziko kwenye likelemba. Zimeandikwa jina la mtu mmoja, na kuziuza ni marufuku. Shirika likigundua linafunga kadi. Lakini mashirika mengi yanakubali mwenye kadi amkatie mtu mwingine tiketi kwa maili zake, hasa mtu wa nyumba yake. Kwa hiyo kila mama afungue kadi yake mwenyewe, hata kama anasafiri mara moja kwa mwaka.

Kosa tunaloliona zaidi ni kutawanya. Safari moja Ethiopian, nyingine Turkish, nyingine Brussels Airlines, na kadi tatu zisizojaa. Mashirika hayo matatu yako katika umoja mmoja, Star Alliance, kwa hiyo safari zote zinaweza kuandikwa kwenye kadi moja. Kenya Airways na KLM wako umoja mwingine, SkyTeam. RwandAir ina kadi yake, Dream Miles, na haimo katika umoja wowote kati ya hizo. Chagueni kadi kufuatana na njia mnayopita kweli. Tangu uwanja wetu wa Goma ulipofungwa Januari 2025, wengi wetu tunavuka mpaka na kupandia Kigali, basi tazameni nani anaruka kutoka Kigali.

Halafu kuna jambo la majina, ambalo Wakongomani tunateseka nalo. Tuna jina, tuna jina la pili, tuna jina la ubatizo. Ajansi inaandika mawili, kadi ina matatu, na maili haziingii. Andikeni kwenye kadi kama paspoti inavyosema, na ajansi iwaandikie tiketi vilevile. Kile kipande cha karatasi cha kuingilia ndegeni msikitupe mpaka maili zionekane. Zikikosekana, ndicho cha kudai nacho. Na maili hufa. Turkish, kwa mfano, wanahesabu miaka 3. Tena tiketi ya maili si ya bure kabisa: kodi za uwanja mnalipa kwa pesa taslimu, na mara nyingine si kidogo. Ulizeni kodi kwanza, ndipo muwaambie watoto.

Mwezi gani? Vakansi kubwa ya Julai na Agosti inaangukia upepo wa kusi, bahari inachafuka, ingawa upande uliokingwa watu wanazama. Aprili na Mei kuna masika, maji yanakuwa na vumbi. Kuanzia Oktoba hadi Machi ni pazuri, na kule Mafia ndio wakati wa papa potwe, samaki mkubwa kuliko wote, asiyemla mtu. Kwa wenye watoto shuleni inabaki Noeli, na viti vya maili vya Noeli vinakwisha mapema sana. Pemba, Mnemba upande wa Unguja, Watamu na Kisite kule Kenya, pote pana matumbawe na walimu wa kuzama. Ndege ya Dar es Salaam kisha boti mpaka Unguja inatosha kwa safari ya kwanza.

Sasa afya, na hapa tunaomba msome polepole. Mwenye mimba asizame, hata mimba changa; anayesubiri siku zake apime kwanza. Mwenye asma, mwenye moyo, mwenye kifafa aone daktari kabla ya kulipa. Watoto wengi wanaruhusiwa kuanzia miaka 10. Kujaribu tu na mwalimu, hamtapita mita 12. Kozi kamili inataka muogelee mita 200 na kuelea dakika 10. Na baada ya kuzama msipande ndege upesi: saa 12 kwa mzamo mmoja, 18 kwa mizamo ya siku kadhaa, wengi wanangoja saa 24. Barabara nayo inahesabiwa. Gari la moshi la Mombasa kwenda Nairobi linapanda mlima, na njia ya Kigali kurudi kwetu inapita juu ya mita 2,000. Siku ya mwisho iwe ya kutembea sokoni.

Jambo moja tulibishana sana na wale wamama watatu, na hatukukubaliana wote. Sisi tunasema: kabla ya bahari, kila nyumba iweke pembeni maili za tiketi moja ya kwenda na kurudi. Siku hizi ukipigiwa simu kwamba mzazi ameanguka Kinshasa, hakuna ndege ya kupandia hapa Goma, na tiketi ya haraka kutoka Kigali inakula mtaji wote wa duka. Mmoja alijibu kwamba amekuwa akiweka pembeni maisha yake yote, kwa ajili ya wagonjwa, wafu na minervali, na maili zilizowekwa zilikufa mwaka jana bila kumzika mtu. Tulinyamaza kidogo. Mwishoni alikubali kuweka tiketi moja, lakini kwa sharti kwamba tarehe ya maili hizo kufa iandikwe kwenye daftari ya kikundi, na ikibaki miezi 6 bila msiba, anakwenda Pemba.

Tumeiandika. Wenye kadi za zamani mje nazo Jumamosi baada ya soko, pamoja na paspoti, tuangalie majina na tarehe.