Masuali na Majawabu: Nyumba ya Marehemu Isiuzwe Kabla ya Mirathi

Mwezi huu twataka kusema juu ya jambo livunjalo udugu katika nyumba nyingi za Waislamu wa vijijini, nalo ni nyumba na shamba alivyoviacha marehemu. Mfano wetu tumeuweka Idodi, katika Mkoa wa Iringa, kwenye njia iendayo Hifadhi ya Ruaha. Huko mabonde hulimwa mpunga kwa maji ya mifereji, na wageni waendao kutazama wanyama wamekifanya kiwanja cha kando ya njia kiwe cha kutamaniwa. Penye kutamaniwa mali, mjane na yatima hawana budi kuhifadhiwa zaidi.

Basi tuseme baba amefariki huko, wazazi wake wamekwisha kumtangulia. Ameacha mke mmoja, mtoto wa kiume mmoja, watoto wa kike wawili, nyumba ya matofali na shamba. Arobaini haijapita, mtu wa mjini amekwisha fika na fedha mkononi, na ndugu wa marehemu asema kuwa mali ni ya ukoo. Masuali yazaliwayo hapo ni manne.

SUALI LA KWANZA: Je, mkubwa wa ukoo au mtoto wa kiume aweza kuiuza nyumba hiyo?

JAWABU: Hawezi, kwani mtu huuza kilicho chake. Katika Sharia, mali ya maiti hutolewa kwanza gharama za maziko, kisha madeni, na mahari ambayo mke hakulipwa ni deni kama madeni mengine. Baada yake ni wasia, usiozidi theluthi moja, nao haufai kwa mrithi ila warithi wenzake waridhie. Kinachobaki ndicho kigawanywacho.

Na kwa sheria ya nchi, mwenye kuishika mali hiyo ni msimamizi wa mirathi. Ukoo hukutana, ukaandika muhtasari na kumpendekeza mtu, lakini mwenye kuteua ni mahakama. Mirathi iendeshwayo kwa Sharia au kwa mila hupelekwa Mahakama ya Mwanzo, na maombi hujazwa katika Fomu Na. 1. Akisha kuteuliwa, msimamizi yampasa kupeleka katika muda wa miezi 4 orodha ya mali na madeni kwa Fomu Na. 5, kisha hesabu ya mgawanyo kwa Fomu Na. 6. Wala usimamizi haumfanyi kuwa mrithi. Yeye ameshika amana ya watu.

SUALI LA PILI: Mahakama itafuata Sharia au mila?

JAWABU: Unguja, Pemba na Kenya wanazo mahakama za kadhi zenye nguvu ya Serikali, Tanzania Bara hazipo. Masheikh na makadhi wa BAKWATA waweza kutuhesabia mafungu na kutusuluhisha, lakini amri hutoka kwa hakimu. Hakimu naye aweza kufuata Sharia au mila, na ili ajue ipi ifuatwe, hutazama mwenendo wa maisha ya marehemu na yale aliyoyatamka au kuyaandika. Mtu aliyeswali na kufunga umri wake wote, kisha hakuacha neno, na wanawe wakanyamaza mbele ya hakimu, huenda mali yake ikagawanywa kwa mila. Kwa hiyo, ndugu Mwislamu, andika ungali mzima, mbele ya mashahidi, kwamba wataka mirathi yako igawanywe kwa Sharia.

Na wanaoshika mila wajue pia kuwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 imeibatilisha mila yoyote imnyimayo mwanamke haki ya kumiliki ardhi kwa sababu tu ni mwanamke.

SUALI LA TATU: Kila mmoja apata nini?

JAWABU: Kwanza hutengwa kilicho cha mke mwenyewe. Ikiwa alitoa fedha zake katika kununua kiwanja au kujenga, sehemu hiyo si mirathi, ni mali yake. Kisha hufuatwa hukumu za Sura An-Nisaa, aya ya 11 na ya 12. Tuseme kilichobaki baada ya madeni kina thamani ya Sh. 16,000,000. Mke, kwa kuwa marehemu ana watoto, hupata thumni, yaani Sh. 2,000,000. Zilizobaki Sh. 14,000,000 hufanywa mafungu 4: mtoto wa kiume mafungu mawili, Sh. 7,000,000, na kila binti fungu moja, Sh. 3,500,000. Ndugu wa marehemu hapati kitu, maana mtoto wa kiume amemzuia.

Si lazima nyumba iuzwe ili mafungu haya yapatikane. Mrithi mmoja aweza kuwanunua wenzake kwa bei waliyokubaliana, au nyumba ikapangishwa na kodi ikagawanywa. Na mjane ana eda ya miezi 4 na siku 10, ambayo mafakihi wengi wamesema aikae katika nyumba alimofiwa. Amfukuzaye katika siku hizo aogope dhambi yake.

SUALI LA NNE: Mnunuzi atazame nini?

JAWABU: Atake kuona barua ya mahakama ya usimamizi, na ridhaa ya warithi wote kwa maandishi. Ikiwa muuzaji yu hai na ana mke, atake ridhaa ya mke, kwani Sheria ya Ndoa ya 1971 inakataza mmoja wa wanandoa kuuza nyumba yao bila ya mwenziwe kukubali. Ikiwa ardhi ni ya kijiji, Baraza la Kijiji liidhinishe. Saini ya mwenyekiti wa kitongoji peke yake haitoshi, na mahakama zimekwisha batilisha mauzo yaliyokosa idhini hiyo. Aulize kama ipo Hati ya Hakimiliki ya Kimila, na awaite majirani wa pande zote waonyeshe mipaka. Katika Idodi atazame pia mpango wa matumizi ya ardhi, kwa kuwa vijiji vya huko na vya Pawaga vimetenga ardhi ya wanyama chini ya jumuiya ya MBOMIPA, na humo hapajengwi nyumba ya mtu.

Ugomvi ukizuka, Baraza la Ardhi la Kijiji, lenye wajumbe 7 na wanawake wasiopungua 3, hupatanisha. Baraza la Kata nalo, tangu mwaka 2021, hupatanisha tu wala halihukumu. Hukumu hutafutwa katika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Asichelewe mwenye haki, maana dai la ardhi lina ukomo wa miaka 12.

Mwenyezi Mungu, katika aya ya 282 ya Sura Al-Baqara, ametuamrisha kuandika deni na kushuhudisha tuuzianapo. Basi asione haya mtu kumtaka nduguye karatasi na mashahidi, wala aliyetakwa asiudhike. Mwezi huu kila mwenye nyumba na aandike alicho nacho, anachodaiwa, mahari aliyobakisha na warithi wake, na karatasi hiyo mkewe ajue ilipo.

Wallahu aalam.