Kitabu Kimoja, Watu Sita, Msomaji Hakuna

Wanachuo wenzangu, tuambizane ukweli. Kazi ya kikundi ya kutafiti mtandaoni imegeuka kuwa njia ya kupata alama bila kufungua kitabu. Muhula uliopita vikundi vya kozi yetu vilipewa riwaya ya H. Rider Haggard ya mwaka 1885, ile ambayo kwa Kiswahili inaitwa Mashimo ya Mfalme Sulemani. Agizo lilikuwa fupi: itafiteni mtandaoni, mlete ripoti moja kwa kila kikundi.

Mgawanyo wa kazi mnaujua. Wa kwanza maisha ya mwandishi, wa pili muhtasari, wa tatu wahusika, wa nne dhamira, wa tano filamu. Wa sita ndiye mwenye laptopu, kazi yake kuunganisha vipande usiku wa mwisho. Kila mmoja anagugo, anakopi, anapesti, anarusha kwenye grupu la WhatsApp. Siku ya kuwasilisha, vikundi vitatu vilisoma aya ileile kuhusu ubeberu, neno kwa neno, hadi ukumbi ukacheka. Wategeaji wakavuna sawasawa na waliokesha.

Wapo wanaosema tatizo ni intaneti. Mimi sikubaliani nao. Tatizo ni kwamba tunaiuliza maswali ambayo majibu yake yameshapikwa na kupakuliwa. Swali zuri hutoka kwenye kitabu, na asiyekisoma hana la kuuliza.

Nitoe mfano. Katikati ya riwaya, wasafiri wale wanawatisha watu wa Kukuana kwa kutabiri kupatwa. Kupatwa kwa nini? Kikundi kimoja kiliandika jua, kingine mwezi. Watu wakabishana, kila upande ukitoa simu kuonyesha ushahidi, na mwisho ikaonekana lazima mmoja kakosea. Kumbe wote wako sahihi! Chapa ya kwanza ilisema jua. Lakini Haggard alikuwa ameliweka tukio hilo karibu na siku ya mwezi mpevu, na jua halipatwi mwezi ukiwa mpevu. Hupatwa wakati wa mwezi mwandamo. Chapa za baadaye zikabadilishwa, jua likawa mwezi. Hapo ndipo utafiti wa kikundi ungeanza: wawili wasome chapa ya mwanzo, wawili ya baadaye, wawili watafute tafsiri ya Kiswahili ya Frederick Johnson ya mwaka 1929, halafu walinganishe. Kazi ya namna hiyo ndiyo inayohitaji watu sita. Kukopi muhtasari kunahitaji mtu mmoja na dakika tano.

Mfano wa pili unatugusa zaidi sisi tunaotoka Masasi na Newala. Mwaka uleule wa 1885 Mskoti Joseph Thomson alichapisha kitabu cha safari yake ya Umasaini. Humo anasimulia alivyowashangaza Wamasai kwa meno yake ya bandia. Sasa fungua riwaya: Kapteni Good na wenzake wananusurika kuuawa kwa sababu ya meno ya bandia! Thomson huyo si mgeni kwetu. Mwaka 1881 Sultani Barghash wa Zanzibar alimtuma bonde la Ruvuma kukagua makaa ya mawe.

Na msafara wake wa 1879, uliokwenda maziwa ya Nyasa na Tanganyika, uliongozwa na nani? James Chuma, Myao, ambaye pamoja na Abdullah Susi na wenzao waliubeba mwili wa Livingstone mpaka pwani baada ya kifo chake mwaka 1873. Chuma alifanya kazi pia na misheni ya UMCA, ileile iliyofungua kituo Masasi mwaka 1876 kwa ajili ya watumwa waliokombolewa. Kwa hiyo nyuma ya riwaya za namna hii kuna watu wa kwetu waliojua njia, maji na lugha. Katika riwaya, Umbopa anaajiriwa kama mtumishi, kisha tunagundua ni mfalme. Katika historia, Chuma alibaki "mtumishi wa Livingstone". Kwa nini? Hilo ni swali la kikundi. Hakuna kikundi kilicholiuliza, maana hakuna aliyefika ukurasa wa Umbopa.

Najua utetezi wenu. Bando ghali, bumu limechelewa, ukiwa likizo nyumbani mtandao haushiki. Na mimi kwetu ni Mkomaindo, nayajua hayo. Lakini riwaya hii haina hakimiliki tena. Inapatikana bure Project Gutenberg, na maandishi yake matupu ni mepesi kuliko video moja fupi mnayotumiana kila asubuhi. Mmoja apakue, awarushie wengine kwa Bluetooth. Kiingereza chake kizito? Anza na cha Johnson. Pale mtaani kwetu kuna mwalimu mstaafu, nilimwamkia, nikamtajia kitabu, akacheka: "Mjukuu wangu, yule Gagula alitunyima usingizi." Wangapi kati yetu tumesikia ajuza wa kutisha akiitwa gagula, bila kujua jina limetoka wapi? Mzee yule hakuhitaji bando.

Napendekeza hivi. Kabla ya kugawana kazi, kila mwanakikundi asome kitabu chote na aandike kwa mkono maswali mawili yaliyomkera. Kikundi kichague moja, ndilo litafutiwe majibu mtandaoni, maktaba na kwa wazee. Wahadhiri wetu nao watusaidie: siku ya kuwasilisha, jina lichaguliwe kwa kura, huyo aulizwe kuhusu sura yoyote, na alama zake ziwe alama za kikundi. Mtaona tutakavyosukumana kusoma. Mtu atakayetegea, wenzake ndio watamfuata chumbani usiku.

Wengi wetu tutakuwa walimu. Mwakani au mwaka kesho kutwa utasimama mbele ya kidato cha tatu huko Newala, na mtoto mmoja wa dawati la nyuma, aliyekisoma kweli, atanyoosha mkono: "Mwalimu, lilikuwa jua au mwezi?" Pale hakuna wa sita mwenye laptopu.