Ubora wa Programu za Afya ya Akili kwa Wasemao Kiarabu

Kidonge cha kutuliza maumivu, kabla hakijamfikia mgonjwa, hupitia mikono mingi. Hupimwa maabarani, hujaribiwa kwa watu wachache na kisha kwa wengi, na mwisho hukaguliwa na chombo cha serikali. Programu ya simu inayodai kumtuliza mtu mwenye sonona au hofu haipiti njia hiyo katika nchi nyingi. Mtengenezaji huiandika, huiweka katika duka la mtandao, na mara mtu aliye Cairo au Baghdad aweza kuipakua na kuiambia mambo ambayo hajapata kumwambia hata ndugu yake wa tumbo moja. Jambo hili lastahili kuangaliwa kwa makini, hasa kwa upande wa wasemao Kiarabu, ambao mahitaji yao ni mengi na matabibu wao wa akili ni wachache.

Kiarabu ni lugha rasmi katika nchi zaidi ya 20. Baadhi ya nchi hizo zimepigwa na vita vikubwa: Syria kuanzia mwaka 2011, Yemen kuanzia 2014, Sudan kuanzia 2023. Makadirio ya Shirika la Afya Duniani yaliyotolewa mwaka 2019 yaonyesha kwamba katika maeneo yaliyopatwa na vita, mtu 1 kati ya kila 5 hivi ana tatizo fulani la afya ya akili. Mabingwa wa maradhi hayo ni haba, na katika jamaa nyingi kuonekana kwenye mlango wa kliniki yao bado ni aibu. Simu haina mlango wa kuonekana. Kwa hiyo hakuna sababu ya kuwacheka wanaozitegemea programu hizi. Wa kuulizwa ni watengenezaji wake.

Kosa lililo rahisi kutendeka ni kudhani kwamba programu iliyoandikwa kwa Kiingereza yaweza kugeuzwa maneno tu ikawa ya Kiarabu. Mwaka 1959 mtaalamu wa lugha wa Kimarekani, Charles Ferguson, alikitumia Kiarabu kuwa mmoja wa mifano yake alipoeleza hali ya jamii moja kuwa na namna mbili za lugha ileile: moja ya vitabu, hotuba na shule, na nyingine ya nyumbani. Mtu wa Morocco na mtu wa Iraq waliosoma shule huelewa gazeti la Kiarabu fasaha, lakini hakuna hata mmoja wao aliyelia utotoni kwa lugha ya gazeti. Msyria aliyeelemewa husema kwamba nafsi yake imechoka. Programu ikimuuliza kwa istilahi ya kitabibu, iktiab, kama anayo sonona, yamkini atajibu hapana, na programu itamhesabu kuwa mzima.

Si kwamba Kiarabu kina upungufu wa maneno. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu juu ya afya ya mwili na ya nafsi, akatenganisha ndani yake hasira, hofu, huzuni na wasiwasi, na akashauri mtu ajiwekee akiba ya fikra njema wakati wa afya kama awekavyo dawa za dharura nyumbani. Ushauri huo hauko mbali na mafunzo yanayotolewa leo.

Msomaji wa Kiswahili ana mfano karibu yake. Neno wasiwasi limetoka katika Kiarabu, ambako asili yake ni mnong'ono wa kutia shaka moyoni, na matabibu wa Kiarabu hulitumia katika jina la maradhi ambayo mgonjwa hutawaliwa na fikra zisizoondoka, hata akanawa mikono tena na tena. Kwa Mswahili wasiwasi ni hofu na mashaka. Hofu ya namna hiyo tabibu wa Kiarabu huiita qalaq. Anayefasiri kwa kufuata sauti ya neno atampa mwenye hofu mazoezi ya ugonjwa mwingine. Ikiwa ndugu wawili wa karibu hivi hupotezana, Kiingereza na Kiarabu je?

Tena Kiarabu, tofauti na Kiswahili, humwamuru mwanamume kwa umbo moja la kitenzi na mwanamke kwa jingine. Agizo la kupumua kwa mwanamume ni tanaffas, kwa mwanamke ni tanaffasi. Programu isiyouliza inazungumza na nani humsemesha mwanamke kama mwanamume kila anapoifungua, naye pengine ameijia kwa sababu hakuna amsikilizaye. Maandishi nayo huenda kutoka kulia kwenda kushoto. Kipimo cha nyuso, kuanzia iliyonuna hadi inayocheka, kikiachwa kama kilivyochorwa kwa Waingereza, msomaji aweza kukianzia upande usiokusudiwa, na jibu lake likageuka kinyume.

Kosa baya kuliko yote laweza kukaa katika mstari mmoja. Marekani ilianza mwezi Julai 2022 kutumia namba 988 kwa watu wenye fikra za kujiua. Namba hiyo ikisahauliwa ndani ya tafsiri ya Kiarabu, mtu wa Beirut aliye hatarini usiku wa manane atapiga bila kupata msaada, ilhali Lebanon inayo namba yake, 1564.

Ubora basi hupimwaje? Nyota zinazotolewa na watumiaji dukani hazitoshi, maana husema kama programu imependwa, si kama imeponya. Mwaka 2015 watafiti wa Australia walitoa kipimo kiitwacho MARS, chenye maswali 23, ambacho huangalia mvuto wa programu, utendaji wake, sura yake na habari zilizomo. Na mwaka 2020 watafiti wa Beirut walikitoa kwa Kiarabu. Ni hatua njema. Lakini liko swali moja katika kipimo hicho linalouliza kama programu imejaribiwa kwa utafiti, na mara nyingi wapimaji huliacha wazi kwa kukosa utafiti wa kuutaja. Programu yaweza kupata alama nzuri kwa rangi na wepesi huku swali lililo zito kuliko yote halijajibiwa.

Majaribio yapo, ingawa ni machache, na yafaa yasomwe pamoja. Chuo Kikuu cha Leipzig, Ujerumani, kilitengeneza programu ya Kiarabu iitwayo Sanadak kwa wakimbizi wa Syria waliobaki na majeraha ya moyo. Waliojitolea waligawanywa kwa bahati nasibu: kundi moja lilipewa programu, jingine maandishi ya kusoma. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2021 yalikuwa kwamba programu haikupunguza dalili za ugonjwa kuliko maandishi, ingawa ilipunguza aibu ambayo wagonjwa walijionea wenyewe. Watafiti hao wanastahili heshima kwa kutoficha jibu hilo. Ikiwa programu iliyotungwa na mabingwa imetoa jibu kama hilo, itasemwa nini juu ya zile ambazo hazijapimwa kabisa?

Huko Lebanon, Wizara ya Afya na Shirika la Afya Duniani zilitayarisha programu kwa wenye sonona, ambayo jina lake maana yake ni hatua kwa hatua. Mtumiaji hupitia hadithi yenye picha katika vipindi 5, na kila juma msaidizi aliyefunzwa, asiye bingwa, huwasiliana naye kwa dakika 15 hivi. Majaribio yaliyochapishwa mwaka 2022 yalionyesha kwamba sonona ilipungua, ingawa washiriki wengi waliacha njiani. Mwanafunzi asiharakishe kusema kwamba msaidizi ndiye aliyeleta tofauti kati ya Leipzig na Lebanon, kwani maradhi yaliyopimwa hayakuwa yaleyale. Hata hivyo dokezo hilo ladai kufuatiliwa, kwa sababu msaidizi hugharimu fedha, naye ni rahisi kuachishwa programu inapofanywa biashara.

Wako wasemao kwamba kidogo ni bora kuliko kukosa kabisa. Hoja hiyo yafaa kwa mkate. Kwa tiba haifai. Mtu aliyetumia chombo kibovu bila nafuu huenda asikilaumu chombo, bali ajione yeye ndiye asiyetibika, na asitafute msaada tena. Tena huacha siri zake nyuma. Mwaka 2023 serikali ya Marekani iliitoza kampuni ya BetterHelp dola milioni 7.8 kwa kuzipa kampuni nyingine, Facebook ikiwamo, habari za wateja wake kwa ajili ya matangazo. Mahali ambapo uvumi wa maradhi ya akili waweza kuvunja posa au kumnyima mtu kazi, uvujaji wa namna hiyo ni madhara ya dawa kama madhara mengine.

Ujerumani ilitunga sheria mwaka 2019 inayomruhusu daktari kumwandikia mgonjwa programu ya simu, bima ikalipa, mradi mtengenezaji athibitishe manufaa yake, au apewe muda mfupi wa kuyathibitisha. Wizara za afya za nchi za Kiarabu hazina haja ya kungoja sheria ndefu kama hiyo. Zaweza kwa pamoja na vyuo vikuu vyao kutoa orodha ya programu zilizopimwa kwa Kiarabu cha watu wenyewe, hata kama katika mwaka wa kwanza orodha itakuwa na jina moja tu.