Waraka kwa Washirika wa Usenge: Vinyongo vya Msimu wa Kufungwa

Wapendwa katika Kristo,



Aprili imeingia, uvuvi wa omena, dagaa wetu wa ziwani, umefungwa hadi mwisho wa Julai, na sote twaijua miezi hii. Boti za omena ziko nchi kavu, mifuko mitupu, na asiye na shughuli hukaa akihesabu: nani alichukua magunia ya omena kwa deni akazima simu, nani alibeba nyavu usiku, nani alisema nini matangani. Usiku wa giza, watu wakiwa ziwani na taa zao, hakuna mwenye nafasi ya hayo. Sasa nafasi ipo tele.

Kabla ya kufungwa, mvua ilitukuta ghafla tukiwa tumeanika. Zamani hukuuliza omena ni ya nani. Ulikunja tu iliyo karibu nawe. Siku hiyo dada mmoja alikunja yake, akasimama chini ya mabati akitazama ya jirani yake ikilowa. Mnajua omena iliyolowa inauzwaje: bei ya chakula cha kuku. Na wote wawili hushiriki Meza ya Bwana nasi.

Najua mtaniambia, "Katibu, yule ananidai nini? Mimi ndiye niliyeibiwa." Kweli. Sisemi uchane daftari lako la madeni. Someni Mathayo 18 yote, msirukie sabini mara saba. Kabla Petro hajauliza swali lake la kusamehe mara ngapi, Yesu ameshaweka utaratibu: mwendee ndugu yako mkiwa wawili tu, akikataa, nenda na shahidi mmoja au wawili, kisha ndipo kanisa lijue. Sisi huanza na kanisa, tena si kanisa lenyewe bali kibanda cha chai.

Tena kusamehe si kuficha kosa. Askofu Mkuu Janani Luwum wa Uganda aliuawa Kampala tarehe 16 Februari 1977, wakati wa utawala wa Idi Amin. Rafiki yake Festo Kivengere, Askofu wa Kigezi, alikimbilia Rwanda na mkewe kupitia milimani. Alikuwa mtu wa uamsho uleule wa Kikristo ulioanzia Gahini, Rwanda, ukafika huku kwetu Nyanza, na bado alikiri kwamba alikuwa na uchungu na Amin, hadi Ijumaa Kuu ya mwaka huo, akiwa ibadani London, alipomsamehe. Akatoa kitabu akakiita I Love Idi Amin. Jina hilo, kusema kweli, hunikwama kooni. Lakini Kivengere hakunyamaza: aliendelea kuieleza dunia mauaji ya Uganda. Alisamehe bila kumfichia muuaji.

Basi aliyeibiwa nyavu apeleke habari kwa BMU, kamati ya usimamizi wa ufuo, aseme alichokiona, asiongeze na ukoo wa mtu. Anayedai akubali kulipwa kidogo kidogo ikiwa mdaiwa hana. Anayedaiwa naye awashe simu! Kumsubiri mwenzako apige magoti wakati wewe umezima simu si toba. Na salamu zirudi, hata kabla deni halijaisha.

Kabla ya Meza ya Bwana ijayo, wazee wawili watakaa kanisani Jumamosi asubuhi. Mwenye daftari aje nalo, na aje na yule aliyeandikwa humo.

Wenu katika Bwana,
Katibu